Chupa Tuliyoiita Rangi

Mwanangu Restituta,

Nimemkosea bibi yako. Naanza na hilo, maana nikianza na salamu nitazunguka kama kawaida yangu, mara chai imeiva, mara mama yako amerudi kutoka kwa jirani alikokwenda kuazima begi, na barua itaishia kwenye habari za nauli. Nimemkosea Bibi Yuliana, mama wa mama yako, na nikakutumia na wewe kumkosea. Wewe hukujua. Nimejaribu kukuambia kwa mdomo wiki hii nikashindwa. Juzi nilikuja kabisa mpaka pale ulipokuwa unasukwa, nikaishia kukuuliza kama umechukua koti la mvua.

Koti umechukua, neti umechukua, na mambo ya kufunga mlango na kuchemsha maji mama yako ameshasema yote mpaka sauti imekauka. Na huko Malambo unakwenda kuwa nesi, wewe ndiye utakayewaambia watu wachemshe maji. Mimi nakuandikia habari ya biringanya.

Ile mboga ya Kichina ninayopika niliijulia kambini kwa watalii, kule juu ukingoni mwa kreta, enzi hizo naosha masufuria na mpishi mkuu ni Mzee Tluway. Wageni wa Kichina walikuwa wameanza kuja kwa wingi, ikabidi tuwe na mboga mbili tatu za kwao. Mzee Tluway alifundishwa na mtu, naye akatufundisha sisi. Biringanya, kitunguu saumu, tangawizi, siki, halafu ile chupa nyeusi yenye maandishi ya Kichina. Ni sosi ya soya, lakini yeye aliiita rangi. "Tia rangi," alikuwa anasema. "We kijana, rangi haijakolea, mgeni atadhani tumempa mlenda." Basi jikoni kwetu ikawa hivyo. Chumvi ni chumvi, rangi ni rangi. Vinakaa rafu tofauti. Mzee akastaafu, mimi nikashika mwiko, nikawafundisha vijana wangu vilevile alivyonifundisha, na neno lenyewe.

Unakumbuka mama yako alipopimwa akakutwa na presha, wewe uko chuoni. Alirudi kutoka kliniki akakaa juu ya ndoo pale mlangoni, hata viatu hajavua. Nikamuuliza, wamesemaje? Akasema, "Wamesema nisile mafuta, nisile chumvi. Yaani nikae tu nikiangalia sahani." Nikamwambia, mke wangu, umeolewa na mpishi.

Nilisema kwa majivuno, ila kulikuwa na aibu chini yake. Miaka yote hiyo nimepikia watu wa kila nchi, wakipiga picha sahani zangu, na nyumbani sijawahi kushika mwiko. Nikirudi likizo nilikuwa nakaa nje kwenye kiti nasubiri kuitwa mezani, na mama yako anapepesa macho kwenye moshi. Hilo nalo ni kosa, nalijua, ila mama yako keshaniambia adhabu yake na ninaitumikia. Siku ile niliona nimepata nafasi ya kulipa. Ilikuwa masika, kambi imefungwa, niko nyumbani wiki nyingi. Nikaingia jikoni kwake kama mkombozi.

Watu walicheka. Baba Gisela alikuwa akipita na ng'ombe wake anasimama kabisa kwenye uzio.

"Baba Resti, leo amekufunga kanga?"

"Bado, ya leo haijakauka. Kesho nitavaa."

"Unapika nini hicho?"

"Biringanya la Kichina."

"Basi tuletee na Mchina wa kutufundisha kulimeza."

Nilikuwa na furaha, nisikudanganye. Mwanzoni nilikuwa nakaanga kama kambini. Lakini biringanya ni mlevi wa mafuta. Unamimina, linakunywa, unamimina tena, linakunywa, halafu likishaiva linakutapikia yote kwenye sahani. Nikaona hapana, mafuta ndiyo yaliyokatazwa. Nikaanza kulipika kwa mvuke. Maji kidogo kwenye sufuria, bakuli la bati limefudikizwa ndani, sahani juu yake, biringanya juu ya sahani, mfuniko na jiwe. Likishalegea unaliacha lipoe, unalichana kwa vidole kufuata urefu wake, kama unavyochana nyama ya kuku. Usilikate kwa kisu, likikatwa linakuwa uji. Likichanwa linashika saumu. Hapo sikukosea. Mpaka leo nasema, kama kuna kitu kizuri nimekileta katika nyumba hii ni ule mvuke.

Kosa lilikuja kwenye chumvi. Pakiti ya chumvi iliyokuwa ndani niliichukua nikampa mke wa Baba Gisela, mbele ya mama yako, nikatangaza kwamba nyumba hii haina chumvi tena. Tutatumia rangi. Nilikuwa na chupa nzima kutoka kambini. Nikaitia kwenye biringanya, nikaitia kwenye maharage, kwenye sukuma wiki nikatia.

Mama yako alionja siku ya kwanza akaniangalia. "Mbona ina chumvi?"

"Hiyo ni ladha."

"Ladha ya nini?"

"Ya rangi."

Akacheka, akala. Angebisha nini, mimi ndiye mpishi.

Resti, hapa ndipo penyewe. Naweza kusema sikujua, na mtu akaniamini, maana ni kweli neno la Mzee Tluway lilinifunga. Lakini mimi ni mpishi, nina ulimi. Niliionja ile kitu kwenye kijiko mara nyingi. Ulimi uliniambia hii ni chumvi, mimi nikausahihisha ulimi. Nikauambia, chumvi ni ile nyeupe ya pakiti, hii ni rangi. Kwa sababu kama ni chumvi, basi mimi mkombozi ndiye ninayemwekea mke wangu. Niliona ni afadhali ulimi wangu ukosee.

Presha ikapanda. Tukaenda kliniki, nesi akamuuliza, "Mama, chumvi unakula?" Mama yako akasema hata punje. Yule nesi akamwangalia vile ninyi mnavyowaangalia watu mkidhani wanadanganya. Usikasirike, nimeyaona hayo macho. Mama yako alilia njiani. Nami nikatoka pale nikiwa na swali moja, ni nani anayemlisha mke wangu chumvi nikiwa sioni?

Wakati huohuo Bibi alikuwa amekuja kutoka Endamarariek kumuuguza mwanawe, na mfuko wake wa maharage. Unajua Bibi na makande. Zamani alikuwa hawezi kupika makande bila magadi ya kulainishia. Mama yako alikuwa ameshamwambia magadi nayo si mazuri kwa presha, na Bibi alikuwa ameacha. Makande yake yakawa magumu, tunatafuna kama mbuzi, lakini aliacha. Nilimwona kwa macho yangu akiyachemsha asubuhi hadi mchana bila kutia kitu.

Jumamosi moja walikuja akina mama wa kanisani kumwombea mama yako. Wamekaa sebuleni, Bibi yuko chini kwenye mkeka, mimi nimesimama mlangoni. Bibi aliponyanyuka kupokea vikombe, fundo la kanga yake likafunguka, pakiti ikaanguka katikati ya chumba. Ile ya karatasi, wanayouza mnadani. Mimi nikaiokota.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni magadi."

"Ya nini?"

Akaangalia wale akina mama. Akaniangalia mimi. "Ni yangu."

"Yako ya kumwekea mwanao kwenye chakula?"

Mkwe haongei na mama mkwe hivyo. Kwetu mkwe hushusha hata sauti ya kukohoa. Mimi niliongea hivyo, amesimama na vikombe mkononi, mbele ya watu waliokuja kusali. Bibi hakujibu. Alinipokonya ile pakiti taratibu, akaifunga tena kwenye kanga, akamimina chai, akampa kila mtu. Asubuhi yake aliondoka hata chai hajanywa. Mama yako alimsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi hakusema neno, na mimi nikajiambia kimya chake ni kwamba amekubali.

Halafu nikakupigia wewe. Nikasema, Bibi ana magadi, anamwekea mama yako kwa siri kwa ajili ya mazoea, mwambie wewe unayesomea, wewe atakusikia. Ukampigia. Uliniambia baadaye umemweleza vizuri, kwa heshima, habari za moyo na mishipa. Nikakuuliza amejibu nini. Ukasema, "Hakujibu kitu, Baba. Amesema tu, haya mjukuu wangu, nimesikia." Tangu siku ile hajakanyaga hapa. Leo umepika pilau la kuaga, wamekuja mpaka watu ambao hatuwajui vizuri, na Bibi hayupo. Nilikuona ukiangalia barabara.

Sasa nikuambie nilivyojua. Wageni waliporudi baada ya masika nikarudi kambini. Kulikuja kikundi cha Wachina, na ndani yake mama mmoja mtu mzima, wa makamo ya Bibi hivi. Nikawapikia biringanya langu la mvuke. Yule mama akaonja, akaweka vijiti chini, akanyanyuka mwenyewe mpaka jikoni, na Daudi, yule mwongoza wageni anayejua Kichina, nyuma yake.

"Anasema limechanwa vizuri," Daudi akasema. "Anasema hata mwanawe hachani hivyo. Ila anauliza kwa nini umetia chumvi mara mbili."

"Mwambie sijatia chumvi hata kidogo. Nimetia rangi tu."

Daudi akamwambia. Yule mama akaiangalia chupa, akacheka mpaka akashika meza.

"Anasema nini?"

"Anasema hiyo rangi ndiyo chumvi. Anasema kwao ukitia hiyo, chumvi unaifungia kabatini."

Akachukua kijiko kidogo cha chai, akamimina nusu, akanionyesha. Sufuria nzima, nusu kijiko. Halafu siki, saumu nyingi, mafuta ya ufuta matone tu, basi. Mimi nilikuwa namiminia kama maji. Vijana wangu walikuwa wanacheka na yeye, na mimi nikacheka nao, lakini kichwani nilikuwa nimerudi sebuleni kwetu. Niliiona ile pakiti ya magadi katikati ya chumba.

Mtu mwingine angepiga simu palepale. Mimi nilirudi nyumbani likizo, nikaimwaga ile chupa nyuma ya choo, nikamwambia mama yako rangi imeadimika, tutumie siki na ndimu. Na presha ikaanza kushuka. Kila kliniki inashuka. Unajua watu walisema nini? "Mnaona? Tangu bibi aache kuja." Mke wa Baba Gisela alisema, wale akina mama wa kanisani walisema, na mimi nilikuwa nimekaa pale, nikasema, "Mungu ni mwema." Nilikubali mama mkwe wangu awe mchawi wa makande ili mimi nibaki mpishi.

Ningeendelea kukaa kimya, nadhani, kama si mjomba wako Amsi. Nilimkuta mnadani, mnada wa tarehe saba uliopita, anapimiwa tumbaku ya ugoro na pembeni yake pakiti ya magadi. Nikamtania.

"Shemeji, na wewe siku hizi unanusa?"

"Mimi? Wa Mama huu."

"Mama si aliacha? Si alisimama kanisani akashuhudia?"

"Alishuhudia kweli. Na kuacha alijaribu kweli." Akaangalia huku na huku, akashusha sauti. "Anautwanga mwenyewe na magadi, anaunusa nyuma ya zizi. We nyamaza, shemeji. Akina mama wa kanisani wakijua watamtoa machozi."

Nikasimama pale, ng'ombe wanapita, watu wananisukuma. Ndiyo maana alinyamaza. Angeweza kunizima kwa neno moja, ni ya ugoro, baba, lakini wale akina mama walikuwa wamekaa palepale wanamwangalia. Na wewe ulipompigia, angemwambiaje mjukuu wake? Akachagua kuonekana anamdhuru mwanawe. Sijui alilala vipi miezi yote hii. Mimi nililala vibaya, na mimi ndiye mwenye kosa.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilimwambia mama yako yote. Chupa, nusu kijiko, choo. Ya ugoro nilitaka kuificha, akaniambia, "Ya ugoro najua, ni mama yangu." Kumbe alikuwa anajua siku zote magadi yale ni ya nini, ila alishindwa kuniambia bila kumvua mama yake nguo, na hakujua chumvi inatoka wapi. Kwanza alicheka. "Kumbe niliona ina chumvi mimi," anasema, "nikasema labda ni ugonjwa umeingia mdomoni." Akacheka mpaka akakaa. Halafu hakunisemesha hadi jioni. Jioni akaniletea maji ya kuoga, akasema, "Mimi yameisha. Sasa nenda kwa Mama."

Mwanangu, siwezi kukueleza nilivyooga siku ile. Maji yalikuwa ya kawaida tu.

Na kliniki ya juzi, ulimsindikiza mwenyewe, uliona. Imeshuka. Kwa hiyo usiende Malambo na wasiwasi wa mama yako. Anakula vizuri, na rangi nyingine ikija, nusu kijiko naipima mimi, au yeye ananipima mimi.

Nakuomba mawili, ya kazi yako. Mtu akikuambia hali chumvi, mwamini kwanza. Usimwangalie kwa yale macho. Halafu muulize anakula nini kingine, na nyumbani kwao kile kitu wanakiitaje. Huko watu wana majina yao kwa Kimaasai, na kila boma na la kwake, na jina linaweza kumficha mtu kitu alichokishika mkononi. Na mtu akinyamaza ukimuuliza mbele ya wenzake, usiseme amekubali. Mtoe nje, muulize tena mko wawili. Mimi ningemtoa Bibi nje pale uani, angeniambia.

Biringanya huko kulipata itakuwa shida, labda gari likitoka huku. Nimekufungia machache ya Mang'ola katikati ya nguo, yale membamba, na saumu. Ukipata jiko lolote unaweza. Sufuria, bakuli la bati, sahani, jiwe. Utachana kwa vidole. Wenzako wakicheka kwamba unakula majani ya ng'ombe, waambie baba yako alivaa kanga kwa ajili ya mboga hii.

Sasa ahadi yangu. Leo ni Jumatano. Jumamosi asubuhi nitakuwa Endamarariek, kabla watu hawajatawanyika mashambani. Jikoni kwa mama mkwe siwezi kuingia, nitawasha moto uani, mawe matatu, Amsi na ndugu zake wote wakiwa wamekaa na wananiona. Na wale akina mama wa kanisani watakuwepo, mama yako ameshawaalika, wanadhani ni maombi. Nitapika hili biringanya bila ile chupa. Nitamtengea Bibi kwanza, halafu nitasema mbele yao kwamba chumvi ilikuwa yangu, nilikuwa nikiitia kwa mkono wangu, na yeye hakumwekea mwanawe kitu chochote. Magadi sitayataja. Wakiuliza, nitasema hayo hayakuwa yananihusu tangu mwanzo, na ndiyo ukweli. Namwomba msamaha kwa niliyomfanyia, siendi kumfungulia kanga mara ya pili.

Kisha nitampa simu. Jumamosi, jua likianza kushuka, panda mahali penye mtandao, waulize wenyeji wana kilima chao. Itakayokupigia ni namba yangu, lakini atakayeongea ni Bibi. Mwombe na wewe msamaha wako, ni mfupi kuliko wangu. Na ukisikia katikati ya maneno anapiga chafya, mwambie tu pole Bibi, huko kuna baridi.

Ni mimi,
Baba yako